Mboga za Wakfu na Chupa Isiyo na Jina

Nyuma ya msikiti wetu, hapa Morogoro, upo mraba wa ardhi usiozidi hatua ishirini kwa kumi na tano, ambao mzee mmoja wa mtaa aliuweka wakfu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kwa muda mrefu palikuwa mahali pa kutupia matofali yaliyovunjika. Miaka mitatu iliyopita kamati iliamua palimwe, na tangu hapo pamekuwa na matuta ya mchicha, safu za nyanya, nyanya chungu upande wa ukutani, bamia pembezoni, na matembele yanayojitambalia yenyewe karibu na mahali pa kutawadhia, yakinywa maji yanayomwagika. Mboga hizo ndizo kitoweo cha watoto wa madrasa siku ya Jumamosi, wanaposoma tangu asubuhi hadi adhuhuri. Zinazobaki huuzwa Ijumaa baada ya swala, kwa bei ya ujirani, na fedha yake hulipia ankara ya maji.

Tunaandika haya tukisema "sisi", wala hatukusudii kujificha nyuma ya wengi. Kalamu ya kamati imo mikononi mwetu, daftari la kumbukumbu ni letu, na katika kadhia hii anayestahiki lawama kubwa zaidi ni mwenye daftari.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, ukiangukia Februari, mvua za vuli zimekwisha na masika hayajabisha hodi. Joto lilikuwa lile ambalo hata zulia la msikitini hulikimbia mguu. Kijana anayetunza bustani alikuja ofisini akiwa ameshika jani la mnyanya. Upande wa juu lilikuwa na vidoa vingi vyeupe na vya manjano, kana kwamba mtu amelidunga kwa ncha ya sindano mara mia. Upande wa chini palikuwa na utando mwembamba kama wa buibui, na ndani yake vitu vyekundu, vidogo kuliko chembe ya pilipili iliyosagwa, vikitembea.

"Ustadh, hawa ni wadudu gani?"

Tukamwambia: wadudu ni wadudu, piga dawa ya wadudu. Ipo iliyobaki stoo, ile ya viwavi vya mahindi. Tukarudi kwenye hesabu zetu za sadaka. Jibu lile halikutuchukua hata nusu dakika, na lilikuwa kosa la kwanza.

Alichotuletea kijana hakikuwa mdudu kwa maana ya wataalamu. Ulikuwa utitiri mwekundu, kiumbe mwenye miguu minane, ndugu wa kupe na buibui. Huu unaopenda nyanya asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulibainika kusini mwa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ukapanda hadi kwetu. Katika joto na vumbi huzaliana kwa kasi ya ajabu: yai la leo, baada ya wiki moja na siku chache, ni jike lenye kutaga mayai yake. Dawa nyingi zinazoua viwavi na mbu haziuui. Ubaya zaidi ni kwamba dawa hizo huwaua maadui wake, yaani vidudu vidogo vinavyouwinda na kuula, vikiwamo utitiri wa aina nyingine wenye mbio kubwa. Mkulima apigaye dawa ya viwavi juu ya utitiri anakuwa kama mtu aliyewafukuza walinzi na kuwaachia wezi funguo. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Baada ya siku kumi safu mbili za nyanya zilikuwa na rangi ya shaba, na utando umefunika vilele.

Hapo kijana akaenda duka la pembejeo kwa ruhusa yetu na kwa fedha ya bustani. Muuzaji akamwambia dawa ya utitiri anayo, lakini chupa nzima ni ghali kwa shamba dogo kama letu. Akampimia kiasi katika chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, kwa shilingi 3,000, na maelezo ya mdomo: kizibo kimoja kwa bomba moja la mgongoni. Hapakuwa na kibandiko wala jina la dawa. Wala kijana hakuuliza, maana hata sisi tuliomtuma hatukumwambia aulize.

Aliazima bomba, akapiga nyanya. Alipomaliza safu zote, ndani ya bomba palikuwa pamebaki kiasi cha lita nne. Kijana huyu amelelewa madrasani kwetu. Tangu utotoni tumemfundisha ubaya wa israfu, hata ya maji ya udhu. Hakuona vema kumwaga kitu kilichonunuliwa kwa fedha ya wakfu. Akaimalizia kwenye matuta ya mchicha, ambao wenyewe haukuwa na utitiri hata mmoja. Kisha akaiweka ile chupa, ikiwa bado na dawa ya vizibo viwili vitatu, juu ya ukingo wa mahali pa kutawadhia, na akaenda zake nyumbani. Tunaomba msomaji aisome tena sentensi iliyotangulia. Chupa ya maji ya kunywa, mahali ambapo watoto huja na kiu wakitoka darasani.

Alhamdulillah, mzee wetu muadhini aliiona kabla ya mtoto yeyote, akahisi harufu, akaifungia stoo. Lakini hakumwambia mtu, kwa kuwa alidhani kila mtu anajua.

Ijumaa yakauzwa mafungu kumi na moja ya mchicha. Jumamosi asubuhi kina mama wa kamati ya chakula wakachuma matuta yaliyobaki, wakaosha, wakakata, wakabandika sufuria. Saa nne kijana akapita jikoni kusalimia, akaona maganda ya vitunguu na rundo la mashina ya mchicha, akasimama kimya. Kisha akauliza: "Mama, mchicha huu mmechuma matuta yapi?"

Sufuria ilishushwa. Watoto siku ile walikula ubwabwa na maharage yaliyoazimwa nyumba ya jirani, wakafurahi sana, kwani mtoto hajawahi kuulilia mchicha. Jikoni, hata hivyo, hapakuwa na furaha. Tulisimama watu saba kuizunguka sufuria, tukaulizana swali moja jepesi: dawa ilipigwa lini?

Kijana alisema Jumatano. Muadhini akasema haiwezekani, yeye aliisikia harufu baada ya Magharibi ya Jumanne, siku ya darsa. Mama mmoja akakumbuka kumwona kijana na bomba mgongoni Alhamisi asubuhi. Kumbe alikuwa akilirudisha kwa mwenyewe, au pengine alikuwa anakuja nalo. Wote wakatugeukia sisi. Katibu, ambaye ameandika hadi shilingi mia iliyookotwa chini ya jamvi, aliyeandika ni nani alichangia mfuko wa saruji mwaka wa juzi na ni nani aliahidi tu, hakuwa ameandika siku ambayo sumu iliingia katika chakula cha watoto. Daftari lilikuwa na mstari mmoja: "Dawa ya bustani, 3,000." Fedha tuliilinda.

Kikao cha dharura kilikaa baada ya adhuhuri, na hapa hatutataja nani alisema nini, kwa kuwa wote ni ndugu zetu na wote walikuwa na nia njema. Upande mmoja ulisema: jambo limekwisha, sufuria imemwagwa, waliokula Ijumaa wamekula na hakuna aliyelalamika, tukitangaza tutawatia watu hofu, na bustani itakufa kwa fitina. Upande wa pili ulikumbusha kisa ambacho kila aliyepita chuo anakijua, cha Mtume (S.A.W.) sokoni Madina, alipoingiza mkono katika rundo la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Muuzaji alijitetea kwamba ilinyeshewa na mvua, na akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu juu, watu wauone. Unyevu wenyewe haukuwa kosa la yule bwana. Kosa lilikuwa ni mahali alipouweka. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala mrefu. Mboga yetu ilikuwa na unyevu wake chini, nasi tulikuwa tumeiuza.

Tulitangaza baada ya Alasiri, kisha tukagawana nyumba. Kumi kati ya walionunua tuliwakumbuka kwa nyuso. Wa kumi na moja hatukumjua, na tangazo ndilo lililomleta. Wengi walisikiliza, wakashukuru, wakasema wametupa kilichobaki. Mmoja alicheka akasema mchicha wa sokoni ni huohuo. Nyumba iliyotukaa rohoni ni ya bibi mmoja wa uswahilini nyuma ya kisima, ambaye binti yake alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mbona mmekuja na uso wa msiba?"

Tukaeleza. Alitusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza, mikono ikiwa mapajani. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo, japo ndilo lilikuwa la kwanza kupaswa kuulizwa.

"Dawa gani?"

"Hatujui jina lake, Bibi."

"Hamjui." Akanyamaza kidogo. "Mmempa mwanangu kitu, na hamjui jina lake."

Tulimpeleka binti yule zahanati siku ileile. Mganga akamtazama macho, akamsikiliza moyo, akauliza kama ametapika, kama ana mate mengi au jasho lisilo la kawaida, kama misuli inamtetemeka. Ziko jamii za viuatilifu zinazoleta dalili hizo, pamoja na mboni za macho kuwa ndogo kama nukta. Hakuwa na dalili hata moja. Kisha mganga naye akauliza: "Dawa gani?" Akaeleza, bila ukali, kwamba matibabu ya sumu huanzia kwenye jina; kibandiko cha chupa ndicho barua ya kwanza ambayo daktari huisoma. Sisi tulifika na chupa ya maji. Kijana alirudi kwa muuzaji, naye akasema ilikuwa "ile ya utitiri", na kwamba chupa kubwa aliyoichotea imekwisha na imeshatupwa.

Jumatatu tulimwomba bwana shamba wa kata aje, naye akaja na kukaa nasi bustanini tangu asubuhi hadi muadhini alipotuita. Mengi tuyaandikayo hapa tuliyapata kwake siku ile, mengine tuliyasoma baadaye, na tunaona haya kwamba ilitupasa kuyajua kabla.

Kila kiuatilifu kilichosajiliwa, na nchini mwetu usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, huwa na kibandiko chenye idadi ya siku za kusubiri kati ya kupiga na kuchuma. Siku hizo hazikubuniwa na muuzaji. Dawa ikishapigwa huanza kupungua juu ya mmea: jua huivunja, mmea nao huivunja, na tunda linapokua kiasi kilekile husambaa katika mwili mkubwa zaidi. Wataalamu hupima upungufu huo shambani, kisha huupatanisha na kiwango cha mabaki kinachoruhusiwa katika chakula. Kwa viwango vya kimataifa kazi hiyo imo mikononi mwa tume ya Codex, iliyoanzishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya mwaka 1963. Dawa moja yaweza kuhitaji siku tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne au zaidi. Na idadi hiyo ni ya zao lililotajwa. Hapa ndipo wengi hujikwaa, nasi tulijikwaa: siku za nyanya si siku za mchicha. Nyanya ni tufe lenye ngozi laini na nyama nyingi ndani. Mchicha ni jani tupu, uso mpana usio na uzito, nao hubeba dawa nyingi zaidi kwa kila kilo. Isitoshe, mchicha huchumwa kila baada ya siku chache. Dawa ambayo kibandiko chake hakitaji mboga za majani, basi kwa mboga za majani haina siku za kusubiri, kwa kuwa haikupaswa kufika huko.

Mhazini wetu akauliza lile ambalo kila mama wa nyumbani angeuliza: je, tukiosha kwa maji ya chumvi? Bwana shamba hakulidharau swali. Kuosha ni wajibu, alisema, na maji safi yanayotiririka, huku jani likisuguliwa kwa vidole, huondoa sehemu ya kilichokaa juu. Lakini dawa kadhaa za utitiri hutengenezwa makusudi zipenye ndani ya jani, kwa sababu utitiri huishi upande wa chini na dawa hupigwa upande wa juu. Iliyopenya haisikii chumvi, haisikii siki. Kupika hupunguza baadhi na hakugusi nyingine. Na bila jina, alimalizia, hawezi kutuambia yetu ni ipi kati ya hizo.

Tukamuuliza: basi tungoje siku ngapi? Akasema hawezi kutupa namba. Angeweza kusema kumi na nne ili tufurahi, au thelathini ili tuogope, na zote zingekuwa za kubahatisha. Ushauri wake ulikuwa kung'oa mchicha wote uliopigwa, kung'oa na nyanya, matunda na mashina, kufukia shimoni mbali na kisima, na tusithubutu kuwapa mbuzi. Tuling'oa. Nyanya zilikuwa zimeanza kuiva. Tulikuwa tumeshazihesabu katika bajeti ya futari. Kijana alifukia huku machozi yakimtoka, akijipangusa kwa kiwiko, na mzee muadhini akawa anamwambia polepole: "Chimba, mjukuu wangu, chimba kidogo tena."

Mzee huyuhuyu, tukiwa tumepumzika, alitoa shauri kwamba kuanzia sasa tuachane na madawa ya dukani na turudi kwa wazee: maji ya tumbaku. Alikumbuka baba yake akiloweka tumbaku na kunyunyiza. Ni kweli yanaua. Lakini kinachoua ndani ya tumbaku ni nikotini, ambayo ni sumu kali kwa binadamu, na hupenya hata ngozi. Tena tumbaku yaweza kubeba ugonjwa wa virusi unaoishambulia nyanya. Kitu kutoka ardhini hakipewi kibali kwa sababu ya kutoka ardhini. Kinyume chake nacho ni kweli. Mojawapo ya dawa zitumikazo sana dhidi ya utitiri, abamektini, asili yake ni kijidudu cha udongoni, na ni ndugu wa ivamektini, ambayo wengi wetu tumegawiwa mitaani kwa ajili ya matende na usubi. Undugu huo hauifanyi kuwa kitu cha kunyunyiza leo na kula kesho. Aidha, ipo dikofoli, iliyotumika kwa miongo mingi kuua utitiri na ambayo hutengenezwa kutokana na DDT. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana iondoshwe duniani. Chupa isiyo na jina yaweza kuwa na yoyote kati ya hizi. Hilo ndilo lililotunyima usingizi.

Jambo jingine la kibandiko ambalo hata sisi tulilielewa visivyo ni ule mstari wa rangi chini yake. Nyekundu ni sumu kali zaidi, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Watu husema, "Hii ni ya kijani, haina neno, chuma tu." Rangi ile humwonya anayeishika na kuipiga, juu ya ukali wake ikimwingia kwa mara moja. Haisemi lolote juu ya siku za kungoja.

Kwa bustani ya nyumbani, tulichoshauriwa kwanza ni maji. Utitiri hupenda vumbi na ukame. Ukiyapiga majani kwa maji ya mpira upande wa chini, mapema asubuhi, kila baada ya siku mbili tatu, unauangusha na kuuharibia utando. Ukizidi, sabuni ya maji isiyo kali, vijiko vidogo viwili kwa lita moja, ikijaribiwa kwanza kwenye majani machache na kusubiri siku nzima, maana kuna sabuni inayounguza, hasa ya unga ya kufulia. Sabuni huua ule inaougusa tu na mayai hubaki, kwa hiyo hurudiwa baada ya siku tano au saba. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha husaidia pia, nazo huoshwa kabla ya kula. Salfa ya kuchanganya na maji ni dawa ya zamani na inafaa kwa utitiri, ila ikipigwa katika jua la Februari inaunguza mmea wenyewe. Majani yaliyokwisha kushika utando hukatwa na kutiwa mfukoni papo hapo; ukiyaburuta katikati ya matuta unakuwa unaupanda utitiri kwa mkono wako.

Nasi tukafungua daftari jipya. Tarehe ya kupiga, jina la dawa kama lilivyo kwenye kibandiko, zao, siku za kungoja, tarehe ya kuruhusiwa kuchuma, na sahihi ya aliyepiga. Tuta lililopigwa hufungwa kitambaa chekundu hadi siku ziishe. Kikao cha kupitisha daftari hilo kilichukua saa moja na nusu, na saa nzima katika hiyo ilikwenda katika kubishana kama tarehe ziandikwe kwa Hijria au kwa Miladia. (Anayedhani tunatania hajawahi kukaa katika kamati ya msikiti.) Tukakubaliana ziandikwe zote mbili, Hijria kwa tarakimu za Kiarabu upande wa kulia. Wakati ule tuliona ni suluhu ya kuwaridhisha wazee tu.

Ramadhani ikaingia. Mboga ya futari tulinunua sokoni, na muuzaji tulipomuuliza mchicha wake ulipigwa dawa lini alitutazama kana kwamba tumemuuliza umri wa mama yake. Bustanini palibaki bamia na safu ya nyanya chungu ya ukutani, ambayo ile chupa haikuifikia. Mfungo wa kumi na mbili utitiri ukaonekana hapo. Maji yakapigwa, sabuni ikapigwa, ukapungua na kurudi. Mfungo wa kumi na saba, baada ya Alfajiri, kijana alipiga dawa iliyonunuliwa katika chupa yake, imefungwa, ina kibandiko kinachoitaja nyanya chungu. Siku saba. Alipima maji kwa zao lile tu, na kilichobaki kikombe kimoja akakirudisha juu ya safu ileile. Chupa tupu ikasuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakiingia katika bomba, ikatobolewa ili asipatikane mtu wa kuitia maji.

Usiku wa mfungo wa ishirini na mbili, watu wakitoka tarawehe, yule bibi wa nyuma ya kisima alitusubiri mlangoni. Binti yake alikuwa amejifungua alasiri, mtoto wa kike, wote wawili wazima.

"Alhamdulillah, Bibi. Hongera."

"Ahsanteni. Na ile dawa, mmekwisha kuijua jina lake?"

"Bado, Bibi."

Alitikisa kichwa. Kisha akasema mzazi anatamani nyanya chungu, na yeye amesikia tuna daftari. Alete macho yake aone. Tukalifungua chini ya taa ya baraza. Bibi hasomi herufi za Kizungu, lakini alihitimu chuoni kwa marehemu baba yake, na kidole chake kikaenda moja kwa moja upande wa kulia wa ukurasa, kikashuka hadi mstari wa mwisho: ١٧ Ramadhani, na mbele yake ٢٤. Akahesabu kwa vifundo vya vidole, midomo ikicheza.

"Bado siku mbili," alisema.

"Bado siku mbili, Bibi."

"Basi nitakuja keshokutwa." Akajitanda vizuri kanga yake, akaondoka.